Refa wa Mfukoni

Kabla gemu ya Yu-Gi-Oh! The Eternal Duelist Soul haijaingia mikononi mwetu, mimi na kaka yangu hatukuwahi kumaliza hata pambano moja la kadi bila ugomvi.

Kadi za Yu-Gi-Oh!, mchezo wa Kijapani wa kupambana kwa kadi za mazimwi, uchawi na mitego, tulikuwa nazo, chache, zimechakaa pembe. Kanuni tulikuwa nazo nusunusu. Kaka amenizidi miaka minne, kwa hiyo kila tulipokwama kwenye kanuni, aliitunga yeye. Anashusha joka la nyota 8 kwenye zamu yake ya kwanza, namuuliza mbona hajatoa kafara, yaani kuondoa kwanza mazimwi yake mengine uwanjani. "Dogo, soma kadi. Kafara imeandikwa wapi?" Nasoma. Kweli haijaandikwa, maana kanuni ya kafara iko kwenye kijitabu cha maelekezo, na kijitabu hatukuwa nacho. "Umeona?" Basi, pambano limekwisha. Kadi zinatupwa sakafuni, mmoja wetu anakwenda kushtaki kwa mama.

Halafu kaka akapata Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi, iliyokwishatumika, na ndani yake kaseti ya Yu-Gi-Oh! The Eternal Duelist Soul. Alianza yeye, kama ilivyo haki ya mkubwa, mimi nikiwa nyuma ya bega lake nachungulia. Akavuta joka. Akalichagua, akabonyeza. Mashine haikufoka wala haikulia, ila chaguo la kuliita joka uwanjani halikutokea. Akabonyeza tena. Akajaribu kadi nyingine ya nyota 4, ikashuka bila shida. Akarudi kwa joka, likagoma. Akakaa kimya kitambo, halafu akasema neno moja tu: "Kumbe."

Hilo "kumbe" ndilo lililonifanya niandike leo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasikiliza wachezaji wenzangu wakizipanga gemu za kadi za mkononi, ipi bora, ipi hovyo, na karibu kila mara hii tuliyoanza nayo inawekwa chini au katikati. Neno wanalolitumia ni "kavu". Haina hadithi, wanasema. Haina safari, haina mji wa kutembea, ni kupigana tu mpaka uchoke. Yote hayo ni kweli. Mimi bado naiweka juu kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia yenyewe ina jibu la nusu ya ubishi huu. Hadithi ya Yu-Gi-Oh! ilianza kama katuni za Kazuki Takahashi nchini Japani mwaka 1996. Kampuni ya gemu ya Konami wakatoa gemu yao ya kwanza ya kadi kwa Game Boy mwezi Desemba 1998. Sasa angalia: kadi rasmi za Konami, zile za karatasi ambazo dunia nzima inazijua, zilianza kuuzwa Japani mwezi Februari 1999. Yaani gemu ya Konami ilitangulia kadi zao. Waliotengeneza gemu ile ya kwanza hawakuwa na kijitabu cha kanuni rasmi cha kufuata, hivyo ikatoka na utaratibu wake, zimwi hili linalishinda lile kwa namna yake, kadi zinaungana kwa namna yake. Hata baada ya kanuni rasmi kuwepo, baadhi ya gemu za mfululizo huu ziliendelea kushika njia yao ile ya zamani.

The Eternal Duelist Soul ilipotoka Japani mwaka 2001, na Marekani mwaka uliofuata, ilikuja na kitu tofauti: kanuni za mezani, zilezile, ndani ya mashine. Kadi zaidi ya 800. Pointi za maisha 8000. Deki, yaani rundo la kadi unalochezea, isiyopungua kadi 40. Kadi tano mkononi mwanzoni, kisha moja kila zamu. Zimwi la nyota 5 au 6 linataka kafara moja, la nyota 7 kwenda juu linataka mbili. Kadi ya mtego huwezi kuifungua zamu ileile uliyoilaza kifudifudi. Ukijaribu kufanya kisichoruhusiwa, mashine haikupi nafasi. Kwa watoto wawili ambao hawakuwa na mtu mzima wa kuwaamulia, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko hadithi yoyote.

Sasa tuje kwenye hilo lalamiko la ukavu. Ukiwasha gemu, unachokiona ni orodha ya nyuso. Ni wahusika wa zile katuni: Téa, Joey, Tristan na wenzao wa ngazi ya kwanza. Unachagua uso, unapambana, ukishinda unachagua pakiti ya kadi, unaifungua, unarudi kwenye orodha. Washinde wa kutosha, inafunguka ngazi nyingine yenye nyuso nyingine: Mako na viumbe wake wa baharini, Weevil na wadudu wake, Rex na madinosaria, Mai na Harpie zake, wanawake wenye mabawa. Kuna kalenda inayosogea siku moja kila ukipambana, na siku fulanifulani huleta gazeti lenye kadi au mashindano madogo. Mambo yote ni hayo. Hakuna anayekueleza kwa nini unapambana.

Wanaosema hii ni kasoro huwa wanailinganisha na The Sacred Cards, iliyofika Marekani mwaka 2003. Humo wewe ni rafiki wa Yugi, shujaa wa hadithi, na Joey, unatembea mjini, unaingia kwenye mashindano ya Battle City, unakutana na wafuasi wa adui aitwaye Marik, na mwisho kuna kadi za miungu, Slifer, Obelisk na Ra. Nimeicheza mpaka mwisho, zaidi ya mara moja. Naelewa kabisa kwa nini mtu anaipenda. Kujiona umesimama pembeni ya Yugi, anakuita rafiki, anakungoja, kuna raha yake, hasa ukiwa mtoto.

Lakini keti upambane, uone. Kwenye The Sacred Cards kila zimwi lina asili yake, na asili moja huila nyingine: maji huzima moto, moto huunguza msitu, na kuendelea hivyo mpaka mduara ufunge. Zimwi dhaifu la maji likimshambulia jitu la moto, jitu hilo hufa papo hapo, hata kama lina nguvu mara tatu yake. Mara ya kwanza unashangilia. Mara ya kumi unagundua kwamba hesabu uliyojifunza, ya kupima nguvu ya kushambulia dhidi ya ulinzi, ya kujua lini ulaze zimwi na lini ulisimamishe, haina kazi tena. Kazi yako imebaki kukumbuka mduara. Na kama kadi ni kubwa kuliko daraja lako, huruhusiwi kuiweka kwenye deki kabisa. Unalipata joka la ndoto zako halafu unalitunza sandukuni kwa masaa mengi ya mchezo.

Ndugu zangu wanaoitetea husema, "Lakini angalau kuna hadithi." Ndiyo, ipo. Ila hadithi yenyewe ni ya watu wanaopambana kwa kadi, na pambano likiwa halina mashiko, hadithi inasimama juu ya nini? Yugi ananiambia nimekuwa mpambanaji hodari. Hapana, nimekuwa hodari wa kukumbuka kwamba maji huzima moto.

Iliyofuata, Reshef of Destruction, ilitoka Marekani mwaka 2004, na kuihusu wachezaji karibu wote wanakubaliana: ni ngumu kupita kiasi. Ilichukua utaratibu uleule wa asili na daraja, ikaongeza adhabu. Fedha za kununulia kadi unapewa kidogo, kadi nzuri ni ghali, uwezo wa deki unapanda taratibu mno, na wapinzani wa mbele wanaanza na pointi za maisha zinazozidi zako kwa mbali. Nimewahi kusikia watu wakiisifu kwa ugumu huo. Siwaungi mkono. Ugumu nauheshimu pale ambapo mimi na mpinzani tunafungwa na sheria moja, akanishinda kwa kadi na akili. Mpinzani akiongezewa pointi na mimi nikapunguziwa fedha, aliyenishinda ni mtu aliyekaa ofisini akaandika namba, na mtu huyo hayupo mezani.

Haya, wapinzani. Hapa kuna lalamiko ambalo lina uzito kuliko lile la hadithi, na watetezi wenzangu huwa wanalikwepa. Kwenye The Eternal Duelist Soul mashine inacheza kwa namna ambayo ukishaizoea, unaisoma kama kitabu. Hata Kaiba, hasimu mkubwa wa Yugi, aliyetakiwa kuwa mwenye akili kuliko wote, ana tabia zake ambazo haziachi. Akiwa na zimwi lenye namba kubwa kuliko unayoionesha, anashambulia. Kadi iliyolala kifudifudi haimtishi inavyopaswa.

Nitakusimulia pambano moja, kwa sababu ndilo lililonipa msimamo wangu juu ya jambo hili. Nilikuwa nimebakiza pointi 1100. Kaiba alikuwa na 1600. Upande wake lilisimama Blue-Eyes White Dragon, joka lenye nguvu 3000, na nyuma yake kadi moja imelazwa, sijui ni nini. Upande wangu uwanja ulikuwa mtupu. Mkononi nilikuwa na kadi tatu: Man-Eater Bug, mdudu mwenye nguvu 450 tu, La Jinn, yule jini wa taa mwenye nguvu 1800, na kadi ya uchawi inayoangamiza kadi moja ya uchawi au mtego ya mpinzani.

Kidole kilinisukuma nimwite La Jinn, kwa sababu ndiye mkubwa mkononi mwangu. Nikajizuia. Jini wa 1800 mbele ya joka la 3000 ni pungufu ya 1200, na mimi nilikuwa na 1100. Ningemsimamisha, zamu ileile ningekuwa nimekufa. Ningemlaza kifudifudi, angenisitiri zamu moja na kufia hapo, nami ningerudi palepale. Kadi ya uchawi nayo, kuitumia wakati huo kungeondoa mtego wa Kaiba na kuliacha joka limesimama. Nikamlaza mdudu. Nikamaliza zamu, uchawi nikaubakiza.

Joka likashambulia. Mdudu akageuka uso juu. Akafa, kwa kuwa ulinzi wake ni 600 na lililomjia ni 3000, lakini alikuwa amelala kwa ulinzi, hivyo pointi zangu hazikuguswa. Na kazi yake ni hiyo: akigeuzwa, anaangamiza zimwi moja uwanjani. Blue-Eyes akaenda kaburini pamoja na mdudu wa 450.

Zamu yangu. Sasa ndipo nikautoa uchawi, nikaipiga ile kadi iliyolala. Ikafunuka: mtego ambao ungeniulia mshambuliaji. Nikamwita La Jinn, uwanja wa Kaiba mtupu, akapita moja kwa moja. 1800 dhidi ya 1600.

Kaka alikuwa ametoka chumbani. Nilimfuata mpaka nje na mashine mkononi nikamwonesha skrini, akaniuliza, "Ulijuaje kwamba atashambulia?" Nikamwambia hushambulia kila mara. Akasema, "Basi si ujanja, ni mazoea."

Nimeifikiria kauli hiyo kwa miaka. Alikuwa na haki nusu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mimi nililijua zimwi langu. Lakini angalia ni kitu gani mashine ile mbovu ya akili ilinifundisha katika pambano hilo moja: kuhesabu kabla ya kushusha, kuvumilia na kadi nzuri mkononi bila kuitumia, kujua kwamba zimwi dogo kwa wakati wake lina thamani kuliko kubwa lililokuja mapema, na kumsoma mpinzani kwa tabia zake. Nilipokutana na wapinzani wa kweli baadaye, wenye damu na uwoga, sikuwa na haja ya kujifunza haya upya. Nilichohitaji ni kuongeza jambo moja, kwamba binadamu mara nyingine hashambulii. Ningependa mashine iwe na akili zaidi, hilo sikatai. Wanaolalamika wana sababu. Ila mpinzani mjinga anayefuata sheria amenisaidia kuliko mwerevu aliyeongezewa pointi.

Kuhusu kukusanya kadi, hapo sina utetezi. Pakiti moja baada ya ushindi, kadi tano, na nyingi kati yake unazo tayari nakala sita. Ukitafuta kadi moja maalumu unaweza kupambana na uso uleule mpaka unazijua kadi zake kwa mpangilio wa kuzivuta. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina tundu. Wachezaji wanaosema walichoka wakaiacha katikati, nawaelewa kabisa. Nami niliiacha kwa miezi, nikairudia.

Katika gemu kadhaa za mfululizo huu kuna njia ya mkato. Kwenye kona ya chini kushoto ya kadi ya karatasi kuna nambari ya tarakimu nane. Unaiingiza kwenye gemu, kadi inakuwa yako. Watu hubishana kama huo ni wizi. Kwangu si wizi hata kidogo, ni daraja zuri kati ya meza na mashine: kadi ninayo kweli mkononi, kwa nini nisiwe nayo mle ndani? Nakumbuka jinsi tulivyozikagua kadi zetu zilizochakaa, tukiinamia tarakimu ambazo zilikuwa ndogo kama mbegu za ufuta, mmoja anasoma, mwingine anabonyeza. Ilikuwa mara ya kwanza tukae na kadi zetu za karatasi saa nzima bila kugombana.

Kidogo kuhusu skrini, maana wachezaji wa siku hizi hawalijui hili. Game Boy Advance ya kwanza ya mwaka 2001 haikuwa na taa yoyote ndani ya skrini. Nukta 240 kwa 160, na giza. Kwa gemu ya mbio au ya kuruka ungeweza kubahatisha. Kwa gemu ya kadi, ambayo kila kitu ni maandishi, ilikuwa shida ya kweli. Maelezo ya kadi yalibanwa kwenye dirisha dogo, unayashusha mstari kwa mstari, huku umeinamisha mashine kutafuta mwanga wa dirisha au wa taa bila kung'aa machoni. Aina ya SP iliyokuja mwaka 2003 ilileta taa, na nadhani maoni mengi mabaya kuhusu gemu za kadi za miaka ile yangekuwa mepesi kidogo kama watu wangezicheza kwa mara ya kwanza kwenye skrini ile.

Wengine watauliza mbona sijaitaja Pokémon Trading Card Game, ile ya Game Boy Color iliyofika Marekani mwaka 2000, iliyotengenezwa na Hudson Soft na Creatures. Wapenzi wa gemu za kadi wengi huiweka ya kwanza bila kusita. Ni gemu nzuri, tena ina kile ambacho ninakisifu: kanuni za mezani, deki ya kadi 60, kadi za zawadi hadi sita, hakuna kudanganywa. Vilabu vinane na wakuu wake vinakupa sababu ya kusonga mbele bila kuvuruga mchezo. Kinachonikwaza ni sarafu. Kila jambo ni kurusha sarafu: kumlaza mpinzani usingizi, kumpoozesha, kuongeza kipigo. Nimepoteza mapambano ambayo nilikuwa nimeyapanga vizuri kwa sababu sarafu iliangukia upande mbaya mara nne mfululizo. Kanuni ni hizo, najua, hata mezani sarafu zipo. Siipendi tu.

Na zile gemu za Yu-Gi-Oh! ziitwazo Tag Force za PSP, mashine ya mkononi ya Sony, zilizoanza mwaka 2006, zina mashabiki wanaozipenda kwa moyo wote, kwa sababu unapata mwenza wa kupambana naye bega kwa bega, mnazoeana, anakufungulia hadithi yake. Mwenza huyo huendeshwa na mashine. Mnatumia uwanja mmoja na pointi za pamoja. Umejenga ukuta wako wa mazimwi kwa zamu tatu, inafika zamu ya mwenzako, anachukua mawili kati yake anayatoa kafara ili ashushe kitu chake dhaifu. Kila aliyecheza Tag Force ana kisa cha namna hiyo, na kila mmoja hukisimulia kwa uchungu uleule.

Kuna jambo jingine linalobadilisha maoni ya watu kuhusu gemu za kadi za zamani, nalo ni kwamba kadi zenyewe zimebadilika. Zikaja njia mpya za kuita mazimwi: mwaka 2008 Synchro, 2011 Xyz, 2014 Pendulum, 2017 Link. Pambano la leo, kama lile la gemu ya Yu-Gi-Oh! Master Duel iliyotoka 2022, linaweza kumfanya mchezaji mmoja aite, atoe, arudishe, aite tena, dakika baada ya dakika, mwenzake amekaa anasubiri aone kama ataachiwa pumzi. Sisemi ni baya. Ni mchezo mwingine wenye uzuri wake, na waliokua nao wanaona wa kwetu ni wa polepole mpaka usingizi.

Lakini ndani ya kaseti ile ya 2002 muda umesimama. Pot of Greed, kadi inayokuvutisha kadi mbili bure bila sharti lolote, na ambayo mashindano rasmi yameipiga marufuku kwa miaka mingi, bado ipo na unaitumia. Raigeki inafuta mazimwi yote ya mpinzani kwa kadi moja. Unashusha zimwi moja, unalaza kadi moja, unamaliza zamu. Mpinzani anafanya hivyohivyo. Kila kadi inayoshuka unaiona na kuipima. Mchezaji mpya akiniuliza aanzie wapi kujifunza Yu-Gi-Oh!, bado namwelekeza huko, kwa sababu pale ndipo mifupa ya mchezo inaonekana kabla nyama haijawekwa.

Tarehe 27 Februari 2025 Konami walitoa Yu-Gi-Oh! Early Days Collection, gemu 14 za enzi za Game Boy na Game Boy Advance zikiwa pamoja, hii ya kwetu ikiwemo. Niliiona furaha ya watu, na niliyaona manung'uniko. Waliozicheza utotoni walifurahi kuzipata bila kutafuta mashine za zamani. Waliokuja wageni wengi walishangaa: hizi ndizo mlizokuwa mnazisifu? Kavu hivi? Lile neno limerudi.

Kuna kitu kimeongezwa humo ambacho wengi wamekishangilia: unaweza kurudisha mchezo nyuma. Umeshambulia ukaangukia mtegoni? Rudisha, usishambulie. Umelaza kadi isiyofaa? Rudisha. Kwa zile gemu zinazokuonea, kama Reshef, nasema tumia bila aibu, ni haki yako kujilinda na kuonewa. Lakini kwa The Eternal Duelist Soul naona kinaondoa kitu pekee ambacho gemu ile ilikuwa nacho. Haikuwa na hadithi, haikuwa na mpinzani mwerevu, haikuwa na picha za kujivunia. Ilikuwa na sheria moja kwa wote na hukumu isiyorudi nyuma. Ukiiondoa hukumu, kweli, inabaki orodha ya nyuso.

Kaka yangu aliinunua mkusanyo huo wiki chache baada ya kutoka. Tunaishi mbali siku hizi, tunaandikiana kwa simu. Usiku mmoja akanitumia picha ya skrini: amemshinda Kaiba.

Nikamwandikia, "Hongera kaka. Ulirudisha nyuma?"

Alikawia kujibu. Halafu: "Mara mbili."

"Ulikosea wapi?"

"Nilimshambulia na mtego umelala. Niliuona kabisa, nikasema hautakuwa mtego."

Sikumjibu kitu. Sikutaka kumkera, na yeye ndiye mkubwa. Akaniandikia mwenyewe baada ya dakika kadhaa: "Najua, dogo. Ile haihesabiki."

Kesho yake jioni ikaja picha nyingine, na chini yake hakuandika maneno, ila namba tu: 400. Pointi alizobaki nazo. Nikaikuza picha ile nitazame uwanja. Upande wake, pembeni kushoto, kulikuwa na zimwi moja limelazwa kifudifudi.